Unene Uliokithiri, Tishio kwa Mafanikio ya Uzazi Salama

Vifo vya uzazi nchini Tanzania vimepungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Hata hivyo, wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015/16. Hali hiyo huongeza hatari ya kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Kwa kuwa wengi bado huhesabu unene kuwa dalili ya matunzo mema, hatari hiyo huchelewa kutambuliwa. Mjamzito anashauriwa kuwahi kliniki, kupimwa uzito na shinikizo la damu, na kupanga mlo pamoja na mtaalamu badala ya kujinyima chakula.