Mtihani Usiokaririka

Mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ambayo sitaitaja jina. Nikaketishwa safu ya mbele pamoja na wastaafu wenzangu, ambao kazi yetu siku hizi ni kupiga makofi. Mgeni rasmi, mtu msomi na mwenye nia njema, aliwasimulia vijana habari za timu za taifa zinazojiandaa kwa mashindano ya dunia ya sarakasi za ndege. Akawaonyesha kwa kiganja jinsi ndege ipandavyo wima, igeukavyo mgongo chini, ishukavyo ikizunguka kama pia. "Mnadhani wanawezaje?" akauliza, na akajijibu mwenyewe: kwa kurudia. Kwa kurudia jambo lile lile mara elfu, mpaka mwili ulifanye bila kichwa kufikiri. "Nanyi rudieni maswali ya mitihani iliyopita mpaka myaote usingizini." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mkuu wa shule alishangilia kuliko wote, kwa maana pale kwake hilo ndilo linalofanyika tangu Januari hadi Novemba.

Mimi sikupiga makofi. Jirani yangu alinigusa kiwiko akidhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia, nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa hasira za hadharani hazimpendezi mzee, nimezitunza mpaka leo niziweke kwenye karatasi.

Mambo haya nayajua kuliko inavyompasa mkufunzi wa ualimu ambaye hajapata kushika usukani wa ndege. Zamani chuo chetu kilipokea makasha ya vitabu vya msaada kutoka Uingereza. Humo, kati ya vitabu vya mapishi na kamusi zilizonyofoka kurasa za mwisho, kulikuwa na kitabu cha rubani Neil Williams kiitwacho Aerobatics, kilichotolewa mwaka 1975. Mkutubi alitaka kukitupa kwa kuwa hakina somo linalofundishwa chuoni. Nikakichukua nyumbani, na tangu hapo sijaacha kufuatilia habari za mchezo huo kila zinapopatikana.

Kwa wasioujua, niueleze kidogo. Mashindano ya dunia husimamiwa na FAI, yaani Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, kupitia kamisheni yake iitwayo CIVA. Ya kwanza yalifanyika Bratislava mwaka 1960, nchi ingali ikiitwa Chekoslovakia, na bingwa akawa mwenyeji, Ladislav Bezák. Mwaka 2017 yaliletwa hapa barani kwetu, Malelane, Afrika Kusini. Uwanja wake ni sanduku la hewa: chini umetiwa alama mraba wa mita 1000 kwa mita 1000, paa liko mita 1000 juu ya ardhi, na kwa marubani wa daraja la juu kabisa sakafu iko mita 100 tu. Atokaye nje ya sanduku hukatwa alama. Sasa chukua chaki, ndugu msomaji. Ndege iendayo kilomita 360 kwa saa huenda mita 100 kwa sekunde. Basi hulivuka sanduku zima kwa sekunde 10. Katika sekunde hizo rubani apande, ageuke, abiringike, anyooke, na wakati wote upepo unamsukuma pembeni, kwa sababu sanduku limefungwa ardhini ilhali yeye anaelea.

Waamuzi wamekaa chini kwenye viti, wakitazama juu. Kila umbo huanza na alama 10, kisha zinapunguzwa kwa kila mstari uliopinda na kila wima isiyo wima, na zinazobaki huzidishwa kwa ugumu wa umbo lenyewe. Alama za mwamuzi mmoja hulinganishwa kwa hesabu na za wenzake, ili ambaye jicho lake linaipendelea bendera ya kwao agundulike. (Ningependa kuiona hesabu hiyo ikitumika kwingineko, lakini hayo tuyaache.)

Sasa, mazoezi. Siwezi kumnyima mgeni rasmi haki yake. Timu hukaa kambini kabla ya mashindano, na marubani hurushwa mara chache kwa siku, kila safari ikiwa fupi, kwa sababu mwili hauvumilii zaidi. Mtu wa kilo 70 anapovuta usukani kwa nguvu mara nane ya uzito wake huwa kana kwamba ana kilo 560. Damu hukimbia kichwani, macho yakaanza kuona kijivu, na asipokaza miguu na tumbo atazimia. Akiwa kichwa chini, akasukuma badala ya kuvuta, damu ile ile hurudi kichwani kwa kishindo. Mwili huzoea adhabu hii kwa kuipata mara kwa mara, na ukikaa muda bila kuipata, husahau. Kocha husimama uwanjani na redio mkononi akimwambia rubani wima yako imelala, umechelewa, rudia. Naam, hapo kurudia kupo, tena kwingi.

Kuna jambo moja la kambini ambalo laiti wanafunzi wa siku ile wangelisimuliwa. Kabla ya kuruka, mabingwa hawa, watu wazima wake kwa waume, husimama kando ya ndege wamefumba macho, huku mikono yao ikipaa na kupinduka, miguu ikigeuka, midomo ikinong'ona. Mpita njia angesema wamepagawa. Lakini wanasoma. Wana karatasi yenye alama za maumbo, mtindo uliobuniwa na Mhispania José Luis Aresti, na kila mmoja anaipitia safari nzima akilini: hapa jua litakuwa wapi, hapa upepo utanipeleka wapi, hapa mwendo utanitosha au utapungua. Na kufikiri ndiko huko alikosema mgeni rasmi kwamba hakuhitajiki!

Lakini kosa lake kubwa halikuwa hilo. Alilisahau kabisa, au hakupata kulijua, jambo ambalo ndilo moyo wa mashindano haya. Programu ya kwanza ndiyo yenye maumbo yaliyotangazwa mapema, nayo rubani huifanyia mazoezi miezi na miezi. Halafu zipo programu zisizojulikana. Maumbo yake huchaguliwa na wawakilishi wa timu zenyewe, na hutangazwa wakati mashindano yamewadia, watu wote wako uwanjani. Kuyafanyia mazoezi hewani ni marufuku. Rubani hupewa mchoro, hucheza ngoma yake ya mikono pembeni ya ndege, na mara ya kwanza anapourusha mfululizo ule maishani mwake ndiyo hiyo hiyo anayopewa alama. Wewe mwalimu mwenzangu, rudia kuisoma sentensi hiyo. Watahiniwa wanatungiana mtihani, kila timu ikitafuta umbo litakaloikwaza timu nyingine, na hakuna karatasi ya mwaka jana itakayokusaidia, kwa kuwa ya mwaka jana haitarudi.

Hapo ndipo hutengana waliofundishwa na waliokaririshwa. Rubani aliyezoea tu kwamba baada ya kitanzi huja kubiringika atajikuta amepanda wima bila mwendo wa kutosha kwa umbo linalofuata, ndege ikaning'inia kama popo. Anayejua kwa nini mwendo hupotea na jinsi unavyorudishwa ataona tangu kwenye karatasi kwamba umbo la nne litamtia shidani kwenye la sita. Svetlana Kapanina wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa dunia kwa wanawake mara saba kati ya 1996 na 2011, alizirusha programu hizo hizo walizorusha wanaume, angani mle mle. Hapati mtu ubingwa mara saba katika mtihani wa namna hiyo kwa kubahatisha maswali.

Na kikombe kinachogombewa na timu kina jina la nani? La Pyotr Nesterov, Mrusi, aliyepiga kitanzi cha kwanza hewani huko Kiev mwaka 1913. Alirudia nini, na kwa nani? Alikuwa amelipiga hesabu jambo hilo kabla ya kulitenda, akaamini hesabu yake, akalitenda. Wakubwa wake wakamweka kizuizini kwa kuhatarisha mali ya serikali. Baadaye, walipoona dunia inawashangilia marubani wa namna hiyo, wakampandisha cheo. Mambo ya wakubwa.

Lakini hoja yangu nzito ni ile ya Neil Williams mwenyewe. Tarehe 3 Juni 1970 alikuwa Hullavington, Uingereza, akijiandaa kwa mashindano ya dunia ambayo yangefanyika hapo hapo mwaka huo. Ndege yake ilikuwa Zlin iliyotengenezwa Chekoslovakia. Alipokuwa akiinua pua kutoka kwenye umbo alisikia mshindo, na bawa la kushoto likaanza kukunjika kwenda juu. Kiungo cha chini kilikuwa kimekatika. Ndege ikawa inalala upande na kuteremka, naye yu karibu mno na ardhi asiweze kujitosa na mwavuli. Katika nafasi ile alikumbuka habari aliyowahi kuisikia, ya rubani wa Bulgaria ambaye ndege ya aina hiyo ilimvunjikia bawa akiwa kichwa chini, kwa kuwa kiungo kilichokatika kilikuwa cha juu. Ndege ilipogeuka wima ya kawaida, bawa likarudi mahali pake. Williams akaona kwamba lake ni hilo hilo lililopinduliwa. Akaigeuza ndege kichwa chini. Bawa likajipiga mahali pake likakaa. Akarudi uwanjani hivyo hivyo, ardhi ikiwa juu ya kichwa chake, na alipokaribia majani akaibiringisha ndege dakika ya mwisho kabisa, ikaanguka kwa tumbo, akatoka akitembea.

Swali hilo lilikuwa kwenye karatasi ya mwaka gani? Nani alimkaririsha? Kipaji chake, naam. Saa nyingi za mazoezi, naam, mikono yake isingetii bila hizo. Lakini kilichomwokoa ni kwamba alipoisikia habari ya yule Mbulgaria hakuishika kama kisa. Alielewa nguvu zinapita wapi ndani ya bawa, kiasi kwamba aliweza kuugeuza ujuzi chini juu pamoja na ndege yake.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo miaka mingi. Kwanza: wale wana fedha. Kweli mchezo huu ni ghali, na miaka ya 1960 timu za Ulaya Mashariki zilizogharamiwa na dola zilitamba. Hata hivyo mwaka 1972, Salon-de-Provence huko Ufaransa, Wamarekani walitwaa ubingwa wa timu, na Charlie Hillard akawa bingwa wa dunia kwa ndege ndogo ya Pitts, aina iliyoanzishwa na fundi wa Florida, Curtis Pitts, katika miaka ya 1940. Pili: Mwalimu, wazazi wanataka matokeo, na matokeo hutokana na maswali yaliyozoeleka. Hili sina jibu lake rahisi. Nilikuwa mkuu wa chuo. Najua simu zinavyopigwa matokeo yakishuka. Ila nasema tusiwasingizie marubani. Tukitaka kukaririsha tukaririshe kwa jina letu.

Hata vyuoni tumelifanya. Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa sehemu, darasa la tano. Andalio la somo safi, zana zimening'inia ukutani, watoto wananyoosha mikono kama msitu. Mno. Kijana mmoja wa nyuma alijibu "robo tatu" kabla swali halijaisha. Nikajua kwamba somo lile lilikwisha kufundishwa jana, na pengine juzi, kwa ajili yangu. Nikamwomba mwanachuo afute ubao afundishe sura inayofuata, ya desimali.

"Mkuu, hiyo sijaiandalia."

"Najua, mwanangu. Fundisha."

Dakika 10 za kwanza zilikuwa mateso kwake na kwangu. Akaandika, akafuta. Akatafuta kitabu, nikakiweka chini ya mkono wangu. Kisha akaomba rula kwa mtoto, akawauliza kama wanaona vile vimstari vidogo, viko vingapi kati ya moja na mbili. Msichana mmoja akauliza kwa nini viwe kumi na si nane. Yule mwanachuo akasimama, akafikiri, akasema, "Hebu tuone." Lilikuwa swali la kwanza la kweli asubuhi ile.

Nilimpa alama za somo la pili. Zilikuwa chache kuliko ambazo angepata kwa la kwanza, na alininunia mpaka mwisho wa muhula. Wakufunzi wenzangu nao waliniona mkorofi, na mmoja aliniambia nimemwonea.

Kile kitabu cha Williams nimempelekea mgeni rasmi, kwa mkono wa mjukuu wangu. Hajakirudisha, na ndiyo nakala pekee niliyo nayo.