Mashine Isimgeuze Mfanyakazi Kuwa Nyuki

Wapo wasomi na matajiri wanaodai kwamba kubuni ni kazi ya wachache. Kwa maoni yao, mtaalamu akae ofisini afikiri, na mfanyakazi asimame penye mashine atii. Siku hizi wameongeza dai jingine: kwamba kompyuta imeweza kuchora, kuandika na kupanga, na kwa hiyo hata mtaalamu huyo aanze kufungasha virago. Madai hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuitenga akili ya mwanadamu na mikono yake.

Historia imekwisha kuyakanusha. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Lucas Aerospace ya Uingereza, iliyotengeneza sehemu za ndege na ambayo karibu nusu ya kazi yake ilikuwa ya kijeshi, ilikuwa ikipunguza wafanyakazi. Wawakilishi wa wafanyakazi hao, akiwamo msanifu wa mitambo Mike Cooley, mzaliwa wa Ireland, hawakuishia kulalamika. Waliwaandikia wataalamu na taasisi zipatazo 180 kuwauliza ni vitu gani vyenye manufaa kwa jamii ambavyo viwanda hivyo vingeweza kutengeneza. Waliojibu kwa maana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndipo wakawauliza wafanyakazi wenyewe.

Majibu yakamiminika. Mpango uliotangazwa Januari 1976 ulikuwa na mapendekezo yapatayo 150, mathalani mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, pampu za kupasha nyumba joto, magari yenye injini ndogo inayosaidiana na betri, na chombo kiwezacho kwenda barabarani na relini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wa mbali walinyamaza, waliokilalia wakasema.

Wakuu wa kampuni wakaukataa mpango huo. Cooley alifukuzwa kazi mwaka 1981, na mwaka huo huo akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Mwaka 1997 Toyota ilianza kuuza Japani gari la Prius, linalotumia petroli na umeme, na leo serikali kadhaa za Ulaya zinawahimiza raia wao kufunga pampu za joto. Mawazo ya aina ile ile iliyotupwa kapuni yamekuwa bidhaa za kugombewa!

Katika kitabu chake, Architect or Bee?, kilichotoka mwaka 1980, Cooley aliutumia mfano wa Karl Marx: nyuki hujenga sega kwa ustadi mkubwa, lakini mwanadamu huijenga nyumba kwanza kichwani mwake. Akaonya kwamba kompyuta mikononi mwa mpenda faida humharakisha mchoraji, humhesabia dakika, na huhamishia ujuzi wake ndani ya mtambo usio mali yake. Wala hakuwa mtu wa kuichukia mashine, kwani usanifu kwa kompyuta ndio uliokuwa fani yake.

Watetezi wa mashine watajibu kwamba inampunguzia binadamu kazi ngumu. Ni kweli. Lakini kumwondolea mtu uchovu ni jambo moja, na kumwondolea fikra ni jambo jingine kabisa. Kijana ambaye hajapata kuchora mstari kwa mkono wake atautambuaje mstari uliopinda, siku kompyuta itakapokosea? Na jengo likianguka, nani atawajibika?

Kwa hiyo swali la kuulizwa katika kila karakana, ofisi na chuo ni hili: nani anaamua mashine ifanye kazi gani, na faida yake imwendee nani? Wafanyakazi washirikishwe kabla mtambo haujanunuliwa, na ujuzi wao uwe msingi wa kuupanga. Kuwaacha nje ya uamuzi huo ni kuwaambia wawe nyuki: wajenge sega, na asali waile wengine.