Msiniambie Nihamishie Hadithi Nairobi

Ujumbe wa mhariri ulinikuta ndani ya matatu, tumekwama kwenye foleni ya Mtwapa, nimebanwa dirishani na mfuko wa unga mapajani. Ulikuwa ujumbe wa adabu. Hadithi yangu ameipenda, lugha ameipenda, wazo ni zuri. Ila ingependeza zaidi, akasema, kama ningeihamishia mjini, Nairobi ikiwezekana, maana msomaji wa hadithi za kisayansi hatasadiki kwamba mambo kama hayo yanaweza kutokea Ganze.

Sikumjibu. Bando ilikuwa inaisha, na nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huandika Kiswahili kibovu. Namjibu leo, na simjibu yeye peke yake, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia kwa wengi, na kuna wakati niliyasema mimi mwenyewe.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka arubaini kutoka leo, kampuni fulani inawafunga watu mita kooni. Kila funda la maji linahesabiwa na kulipiwa kwa simu. Salio likiisha, koo linajifunga mpaka ulipe.

Watu huniuliza wazo hilo nimelitoa wapi, wakitarajia nitaje filamu ya Marekani. Nimelitoa kwa bibi yangu. Bibi anaishi Ganze, bara ya Kilifi, na kuna mwaka alichukua taa za sola kwa mkopo. Unalipa kidogo kidogo kwa simu, na siku usipolipa, taa inazimwa. Haji mtu na ngazi kuizima. Inazimwa kwa mbali, na mtu au mashine usiyoijua, iliyoko usikokujua. Jioni moja tuko tunakula, taa ikafa. Mimi niliruka. Bibi hata hakushtuka, alinyoosha mkono akavuta koroboi lake, akasema, "Wamelala na njaa wale, mume wangu. Watumie kitu." (Bibi zetu hutuita sisi wajukuu wa kiume waume zao. Msishangae.)

Nikakaa gizani nikifikiria: kama wanaweza kuizima taa, koo je?

Wazo nikalibeba mpaka Mishomoroni. Kwetu Mishomoroni maji huja kwa mkokoteni, mitungi imepangwa kama askari, na bei inapanda kadiri mifereji inavyokauka. Hadithi nikaiandika kwa usiku mmoja chumbani kwangu, nikawasomea wenzangu maskani. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akasema lazima kuwe na ofa ya Ijumaa, mafunda kumi kwa bei ya matano. Mwingine akasema, "Na Okoa Koo je? Mtu asikope?" Nikayaandika yote. Nikajiona nimemaliza.

Kisha kodi ikanishinda, nikarudi Ganze, na jioni moja nikamhadithia bibi huku tukipukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na ng'ombe atalipaje?"

Hadithi ikavunjika pale pale. Nilikuwa nimeandika dunia nzima ya kiu na nisimwone ng'ombe hata mmoja. Nilikuwa nimeandika kama mtu ambaye kiumbe mwenye kiu ni yule mwenye simu tu. Swali lile lilinichukua miezi mitatu. Ng'ombe akawa lazima asajiliwe kwa jina la mwenyewe. Mbuzi wakawa na madeni. Ndama akizaliwa, anazaliwa na bili ya mamake. Na kwa kuwa kijijini netiwaki haishiki kila mahali, watu wakawa wanapanda kilima mpaka chini ya mbuyu mmoja, wamenyanyua simu juu, wanatafuta mtandao ili wapate kumeza. Mzee asiyeweza kupanda, mjukuu anampandia. Mjukuu asipokuwepo, basi.

Hadithi ni hiyo. Sasa mhariri wangu anataka niitoe chini ya mbuyu niipeleke kwenye jengo la vioo. Huko mtandao unashika ghorofa zote, na ng'ombe hayuko ila kwenye sahani. Nikiihamisha kitabaki nini? Itabaki ofa ya Ijumaa.

Chimbuko la ushauri huo nalijua. Kuna imani imetuingia kwamba kutoka mjini kwenda mashambani ni kurudi nyuma kwenye wakati, na kutoka mashambani kwenda mjini ni kwenda mbele. Hata lugha yetu imeshikwa: mtu akirudi kwao baada ya mambo kumwendea kombo, tunasema "amerudi nyuma." Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja. Lakini nimepanda matatu hizo miaka sita sasa, Mishomoroni kwenda Ganze na Ganze kurudi Mishomoroni, na kalenda ya bibi inasoma tarehe ile ile ninayoisoma mimi. Mashine ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuishi nayo, taa inayoamriwa kutoka mbali na asiyeonekana, sikuikuta mjini. Niliikuta kwenye nyumba ya udongo.

Anayedhani hilo ni jambo la bahati, na aende Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ni kijiji cha wavuvi, na jirani zake ni mashamba ya chumvi. Ukisimama ufuoni utaona baharini majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yake. Kituo hicho kinaitwa San Marco, na Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka hapo 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliondoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Jina lake lilikuwa Uhuru. Vipimo vyake ni kati ya vilivyowasaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli, si hesabu za karatasini tu. Mwanasayansi aliyeuongoza mradi huo, Riccardo Giacconi, alikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia 2002.

Kwa hiyo mashimo meusi, kitu ambacho filamu za Hollywood zinakula nacho mpaka leo, yana mguu mmoja Kaunti ya Kilifi. Wavuvi wameiona roketi ikipanda mbele ya madau yao. Mimi nimesoma shule za Pwani darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na hakuna siku niliyoambiwa habari hiyo. Halafu naambiwa Ganze haisadikiki.

Tazama na upande wa pili. Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya ya The War of the Worlds, viumbe kutoka Mars wanaishukia Uingereza na silaha ambazo hakuna anayeweza kuzijibu. Wasomaji wa London walitakiwa wafikirie jambo hilo likiwapata wao. Miaka 16 baadaye, 1914, Mwingereza alikwenda Kaya Fungo, moyo wa Wagiriama, akailipua kwa baruti, kwa sababu Mekatilili wa Menza alikuwa ameapisha watu wasimtii. Kilichokuwa ndoto mbaya kwa Wells kilikuwa habari ya mwezi ule kwa babu zetu. Sisi tulishashukiwa. Hatuhitaji kuazima Wamarsi.

Wala Kiswahili si kigeni kwenye kazi hii. Mwaka 1951 Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alitupa Kusadikika, nchi nzima inayoelea angani. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, ambaye 1986 serikali ilimweka kizuizini bila kesi, alitoa Walenisi. Shujaa wake anaitwa Dzombo, na chombo kinamrusha mpaka nchi nyingine inayoendeshwa kwa haki. Dzombo! Mkangi hakumbatiza jina la kizungu ili apate ruhusa ya kupanda chombo. Alimpa jina ambalo ukiliita Kinango au Kaloleni mtu anageuka.

Ninajua atakayeniambia, "Sawa, basi tuandikie kijiji chenyewe: kaya, mizimu, ngoma, mganga." Huyo naye simtaki. Ni ndugu wa yule wa kwanza. Mmoja anataka kijiji kitoke kwenye kesho, mwingine anakitaka kibaki kwenye jana, na wote wawili wanakubaliana kwamba leo hakipo. Bibi yangu anaheshimu kaya na anajua namba yake ya siri ya M-Pesa. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, alikuwa anasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni na kumsikiliza mzee wa kijiji, na wote wawili walipokosea aliwatukana sawasawa.

Wala sisemi kijiji ni pepo. Mimi huenda Ganze kwa sababu chakula cha bibi hakiulizi kodi. Na sisemi mji ni jehanamu. Bila maskani ya Mishomoroni nisingepata Okoa Koo. Halafu Mishomoroni yenyewe ni mji wa aina gani? Ploti ninayokaa ina minazi miwili, kuku wa mwenye nyumba, na wapangaji ambao karibu wote Desemba ikifika wanapanda magari ya Kilifi na Kwale. Maji tunayouziana kwa mtungi yametoka mashambani: Mombasa hunywa kutoka Baricho kando ya Mto Sabaki, kutoka Mzima kule Taita Taveta, kutoka Marere kule Kwale. Mji wetu una mrija mrefu mdomoni, na ncha ya pili iko kijijini. Mwandishi akikaa upande mmoja tu wa mrija ataandika nusu ya kiu.

Lakini sikuandika haya yote ili kutetea hadithi yangu tu. Hadithi ikikataliwa, sifi. Kuna jambo zito zaidi.

Uyombo ni kijiji cha wavuvi karibu na Watamu. Serikali ilipanga kujenga huko mtambo wa kwanza wa nyuklia wa Kenya, ujengwe kuanzia 2027 na uanze kutoa stima 2034. Wakazi walipinga, na Mei 2024 waandamanaji walikabiliana na polisi, watu wakaumia. Baadaye ikaanza kutajwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mimi si mhandisi, na makala haya hayahusu kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Ninauliza jambo moja: kwa nini kesho ya aina hiyo, ile yenye hatari, huangukia mahali ambapo tumekubaliana kwamba kesho haisadikiki? Sijasikia hata siku moja mtu akipendekeza Westlands.

Mimi naamini hadithi zina mchango hapo. Nchi inayosoma, inayotazama na inayoota kesho yake yote ikitokea kwenye majengo ya Nairobi, ikiletewa ramani ya Pwani itaona pengo. Itaona nafasi ya kuweka kitu. Haitamwona mvuvi aliyekwisha jiuliza samaki wataendaje maji yakipata moto, wala mama aliyekwisha uliza ng'ombe atalipaje. Maswali hayo yapo, yanaulizwa kila jioni kwenye kupukuchua mahindi, ila hayajaandikwa, kwa hiyo mpangaji anaingia kama vile hakuna mtu aliyewahi kufikiria lolote. Ujumbe ule wa adabu nilioupokea Mtwapa unaendeleza pengo hilo, hata kama aliyeutuma ni mtu mwema.

Ndiyo maana nasema waandishi wa rika langu tuache kuhama na mawazo yetu upande mmoja tu. Wengi wetu tunaishi hivi hivi, mguu mmoja mtaani na mguu mmoja kwa bibi, na tunaona aibu. Tunaficha nusu ya mashambani tunapoandika, kama tunavyoficha lafudhi kwenye mahojiano ya kazi. Hadithi yangu ya kwanza ya kisayansi ilikuwa na treni za angani, mvua ya asidi na taa za rangi rangi, na shujaa aliyeitwa Zane. Sijawahi kukutana na Zane yeyote. Nilikuwa naandika kesho ya watu wengine kwa Kiswahili, nikidhani Kiswahili peke yake kinatosha kuifanya yangu.

Sasa nina desturi moja. Wazo likinijia Mishomoroni, siliamini mpaka nilisimulie Ganze. Likinijia Ganze, siliamini mpaka nilipeleke maskani. Mara nyingi linakufa njiani, pengine hata kabla ya Mtwapa. Likifika kote kuwili likiwa hai, naliandika.

Mheshimiwa mhariri, nashukuru kwa muda wako, na sikuwekei kinyongo. Vituo na mikato uliyonirekebishia nimeikubali yote. Jina la kampuni nimelibadilisha kama ulivyoshauri. Lakini mbuyu unabaki pale kilimani, na watu wamenyanyua simu wanatafuta mtandao. Hadithi inabaki Ganze. Ng'ombe naye anabaki, na deni lake.