Ziwa Tanganyika linadai wachoraji wake

Picha ya Ujiji iliyosambaa kuliko zote duniani ni ile iliyomo katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, yeye na Livingstone wakivuliana kofia mbele ya umati. Ziwa Tanganyika lililo jirani si habari ya picha hiyo. Ukiingia makumbusho ya Livingstone pale Ujiji unawakuta tena wawili hao, safari hii wakiwa sanamu, na bado wanasalimiana. Zaidi ya miaka mia na hamsini imepita na salamu haijaisha! Wakati huohuo maji yenye kina cha karibu mita 1,470, ambayo kati ya maziwa yote duniani yanazidiwa kina na Baikal peke yake, hayana mchoraji wa Kigoma anayetajwa pamoja nayo kama Sam Ntiro anavyotajwa na Kilimanjaro. Ninashikilia kwamba pengo hili ni la kiroho kabla ya kuwa la sanaa, na kwamba tunaweza kuliziba.

Watu wa mwambao huu hawakuwahi kulichukulia ziwa kama pambo la macho. Katika Buha ya zamani, nchi ya Waha, walikuwapo abateko, wenye nchi waliosimamia uhusiano wa watu na nguvu za ardhi na za maji. Baadaye wakaja masheikh wa tariqa ya Qadiriyya na dhikri zao, wakaja pia wamisionari, na kila kundi lilisali likiutazama mwambao uleule. Kuigeuza hali hiyo kuwa rangi si ndoto, maana Watanzania wawili walikwisha kufanya hivyo kwa nchi za milimani. Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na kisha shule ya sanaa ya Slade jijini London, alichora migomba, vijia na watu wadogo chini ya mlima mkubwa, hata jumba la sanaa za kisasa la New York likanunua kazi yake. Elimo Njau wa Marangu alikwenda mbali zaidi. Katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, miaka ya 1950, alichora ukutani maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalaba, katikati ya vilima na miti ya Wakikuyu. Muumini anayeinua macho pale haoni Palestina ya kwenye kalenda. Anaona ng'ambo ya shamba lake.

Pingamizi la kwanza linatoka Ujiji kwenyewe, mji wa Waislamu wengi, na halistahili kupuuzwa: picha si zimekatazwa? Mjadala wa wanazuoni kuhusu viumbe wenye roho ni mrefu, nami si mwamuzi wake. Lakini mandhari yana mlango wake. Imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mtu aliyeishi kwa kuchora kwamba, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Na kuta za Msikiti wa Umayya mjini Damascus, uliokamilika mwaka 715 hivi, zimepambwa kwa miti, majumba na mto unaotiririka, bila mtu wala mnyama. Kwa hiyo mchoraji wa mandhari ndiye mchoraji ambaye Ujiji ingempokea bila ugomvi mkubwa, kuliko hata anayechora twiga na simba wa kuuzia watalii.

Wengine watauliza brashi ya nini nasi tuna simu zenye kamera. Simu inanasa kilichopo kwa nukta moja. Mchoraji hulazimika kujua. Chukua taa za wavuvi wa dagaa usiku: anayeijua Kigoma hawezi kuzichora zimejaa ziwani chini ya mwezi mpevu, kwa sababu mbalamwezi inapowaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa na wavuvi wengi hupumzika. Anajua pia kwamba ukingo wa maji unahama. Ziwa lilifika kilele mwaka 1878 hivi, likazibua njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka kwa mita kadhaa na kuiacha Ujiji ya Livingstone mbali na maji. Miaka ya karibuni limepanda tena na kumeza majengo ya ufukweni. Kukaa mbele ya jambo moja hadi ulielewe, bila haraka ya kulimiliki, ni jirani sana na ibada.

Lipo na pingamizi zito kuliko yote, la tumbo. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na familia nyingi zilibana mkanda. Kwao habari za picha zinaweza kusikika kama dhihaka. Lakini katazo lile lilidai jambo ambalo askari wa doria hawezi kulileta peke yake, yaani watu walione ziwa kuwa amana, si ghala. Mahubiri yanasaidia, shule zinasaidia, na picha nzuri nayo inasaidia, kwa gharama ndogo kuliko boti moja ya doria. Basi Manispaa ya Kigoma Ujiji na wanaosimamia makumbusho ya pale waanze na jambo jepesi: wawape vijana wa mwambao rangi, turubai na ukuta mmoja, palepale nyuma ya wale wazee wawili wasiomaliza kusalimiana.