Kabla ya jile ya risasi, tuvae kwanza kaske na jile ya ziwa

Kwenye mkutano wetu wa mwisho hapa Minova, mwenzetu mmoja alisimama akaleta pendekezo: tutoe pesa kwenye kasha la muungano, ile tunachanga kidogo kidogo kwa ajili ya wagonjwa na matanga, tununue jile tatu za kuzuia risasi. Moja ya mlinzi wa depo, mbili za wale wanaopanda Numbi na pesa ya watu mfukoni. Muuzaji alikuwa amekwisha kumpata. Wengi walipiga makofi.

Hatukumcheka. Mwezi wa pili wa mwaka wa 2024, barabara ya kwenda Goma ilikatwa upande wa Shasha. Mabombu yalianguka hadi hapa kwetu. Wakimbizi wa vita walijaa kwenye mashule na makanisa. Mtu anayesikia bunduki kila usiku ana haki ya kujiuliza atavaa nini. Lakini tulibishana hadi jioni, na mwisho tulikataa. Tunaandika hapa sababu zetu kwa kuwa swali hili tunajua liko pia Nyabibwe, Kalehe centre na hata Bukavu.

Kwanza, mtu ajue anachonunua. Jile za risasi ziko namna mbili. Iko ile laini, ya kitambaa kigumu kama Kevlar, inayovaliwa hata chini ya shati. Hiyo inasimamisha risasi ya bastola na vipande vidogo vya bombu. Risasi ya AK-47, ile inayolia kila siku kwenye milima yetu, inaipita. Ili kuzuia risasi ya bunduki ya vita lazima uwe na jile ya pili, yenye sahani ngumu za chuma au za udongo wa kuchomwa, mbele na nyuma. Wamarekani walizipanga kwa ngazi: IIIA ilikuwa mwisho wa zile laini, III na IV zilikuwa za sahani. Ngazi hiyo huandikwa kwenye karatasi iliyoshonwa ndani, pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Jile ya muuzaji wetu haikuwa na karatasi. Ilikuwa imekatwa.

Na hata ikiwa nzima, jile inazeeka. Watengenezaji wengi wanaihakikisha miaka 5 tu. Kitambaa kikilowa au kikipigwa na jua muda mrefu kinadhoofika, ndiyo maana hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Sahani ya udongo ikianguka chini inaweza kupasuka kwa ndani na wewe usione kitu. Basi jile iliyopita mikononi mwa watu watano, ikalala kwenye gunia sokoni, utaiamini namna gani? Utajua kama ni mbovu siku utakapopigwa.

Kisha kuna kuivaa. Sahani ya kawaida ina upana wa sentimeta 25 na urefu wa 30 hivi. Ukingo wake wa juu unapaswa kufika kwenye kile kishimo chini ya koo, ili ufunike moyo na mapafu. Tumeona watu wameivaa ikining'inia tumboni: hao wanalinda ugali waliokula, moyo uko nje. Tena haifuniki kichwa, shingo wala miguu, na vipande vya bombu vinaruka kila upande. Pamoja na sahani zake inaweza kufika kilo 10 au kupita. Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia kichwani atakimbia nayo hadi wapi?

Iko pia sheria. Raia akikutwa na vyombo vya jeshi, kesi yake inaweza kwenda mahakama ya kijeshi. Na kabla ya mahakama kuna kizuizi cha barabarani. Mwandishi wa habari ana neno PRESSE kifuani na shirika nyuma yake. Mchimbaji aliyevaa jile ya rangi ya jeshi, katika eneo ambapo kila upande unamtafuta mpelelezi wa upande mwingine, atamweleza nani kwamba yeye ni mchimbaji tu? Kile alichonunua kimlinde ndicho kitamfanya apigwe.

Lakini sababu iliyotufunga midomo ilitoka kwa mzee mmoja aliyekaa nyuma. Aliuliza: "Barabara imefungwa. Siku ya kukimbia, tutapita wapi?" Sote tulijua jibu. Tutapita ziwani. Na mtu aliyefunga kilo 10 kifuani, mashua ikipinduka, anakwenda chini moja kwa moja.

Hapo njo tulianza kuhesabu wafu wetu, kila mmoja na jina lake, na tukauliza kila mmoja alikufa na nini. Risasi imetuua, hatukatai. Novemba 2012 askari waliokimbia Goma walituingilia ndani ya nyumba. Minova haijasahau, na hakuna jile iliyoweza kuzuia mambo yale. Lakini wengi wa wale tuliowataja siku hiyo waliuawa na vitu viwili: shimo na maji.

Shimo kwanza. Jiwe dogo linaloanguka kutoka mita 10 halihitaji bunduki ili lipasue kichwa. Mwenzetu anaingia na kofia ya kitambaa, torche imefungwa kwa mpira, miguu ndani ya kandambili. Kaske njo jile yetu ya kwanza, lakini nayo ina kanuni zake: iwe na mikanda ya ndani inayoacha nafasi kati ya plastiki na kichwa, iwe na kamba ya kidevu, na ikisha kupigwa jiwe kubwa itupwe, hata kama haionyeshi ufa. Bote za kufunika vidole, na kitambaa cha kweli cha kuzuia vumbi puani, maana vumbi la mawe linakula mapafu pole pole.

Tusidanganyane, kaske haisimamishi mlima. Tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga, mvua iliingia mashimoni na watu zaidi ya 50 wakabaki ndani. Kitu kinachozuia hilo ni miti ya boisage, ni kutoka shimoni mvua ikianza, ni kutopita mita 30 kwenda chini kama kanuni za uchimbaji wa mikono zinavyosema. PDG wa shimo anazijua kanuni hizi kuliko sisi. Anasema miti ni ghali. Jeneza nalo linanunuliwa, lakini hilo hununuliwa na familia.

Halafu maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi iliondoka hapa Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278, na siku ile ile wafu 78. Hao walikuwa wanakwenda kuuza na kununua, kwa sababu barabara ilifungwa. Vita iliwasukuma ziwani, na ziwani hakukuwa na wa kuwalinda. Wala haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019 mashua ilizama kwenye maji ya Kalehe, rais Tshisekedi akazungumza juu ya watu 150 waliopotea, akaja mwenyewe kufariji familia, akatoa agizo kwamba kila abiria avae jile ya kuokoa maisha. Miaka zaidi ya 5 imepita. Sisi tunaosafiri tunajua namna agizo linafuatwa: jile zikiwemo, zimefungwa kamba chini ya magunia ili zionekane siku ya ukaguzi.

Jile ya ziwa inavaliwa kabla ya mashua kuondoka, mikanda yote ikiwa imefungwa; ile unayoshika mkononi maji yanaichukua. Mtoto avae ya kipimo cha mtoto, maana katika ile ya mtu mkubwa atateleza atokee chini. Na ijaribiwe kwenye maji ya kiunoni: zile za zamani zilizokunywa maji zinazama kama gunia.

Iko mtu atasema: kwa hiyo bombu likianguka tufe? Hapana. Bombu likianguka, lala chini, nyuma ya ukuta au ndani ya mtaro, usisimame mlangoni kutazama. Weka karatasi zako, maji na dawa ya mtoto kwenye mfuko mmoja karibu na kitanda. Mpatane nyumbani mtakutana wapi mkipotezana. Hayo hayauzwi sokoni, na yanasaidia watu wengi kuliko jile tatu.

Tunachoomba ni hiki. Koperative na PDG watoe kaske na miti kabla ya kugawa mzigo. SAEMAPE ishuke hadi shimoni, isiishie mezani penye kodi. Wakubwa wa bandari wahesabu abiria na wazuie mashua iliyozidi, hata kama mwenye mashua ni ndugu au mkubwa.

Kwa upande wetu, bei ya jile zile tatu imetosha kaske za timu mbili na jile za ziwa za wanaosafiri kwa kazi ya muungano. Yule mwenzetu aliyeleta pendekezo njo tulimtuma kununua. Zitagawiwa penye mlango wa shimo, na asiyevaa hataingia. Tunawaomba wenye mashua wafanye vile vile bandarini: asiyevaa hapandi.