Betri Yataka Kiungo, Si Nyongeza

Mwanafunzi mmoja katika darasa langu la tafsiri aliniletea kazi kuhusu betri za lithiamu, zile zinazotia uhai simu zetu na pikipiki za umeme zinazoonekana siku hizi jijini Nairobi. Kazi ilikuwa nzuri. Hata hivyo, kila alipokutana na vile vitu vichache ambavyo wanakemia hutia katika majimaji ya betri ili iwe thabiti, aliandika "nyongeza". Simlaumu, lakini neno hilo linapotosha, na mwalimu wa sayansi atakayelitumia atakuwa amemfunza mtoto uongo pasipo kukusudia.

Tuitazame betri yenyewe. Wazee wetu waliziita betri za tochi "mawe", na hakika ziliufanana ugumu huo. Betri ya lithiamu ni kitu kingine. Ndani mna elektrodi mbili, moja aghalabu ya grafiti, na baina yake elektroliti: chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika viyeyushi vya jamii ya kaboneti, ambavyo hushika moto kwa urahisi. Maji hayatakiwi humo hata kidogo, kwani yakikutana na chumvi hiyo huzaa asidi kali.

Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, sehemu ya elektroliti huvunjika inapogusana na grafiti, na mabaki yake huganda juu yake yakawa utando mwembamba mno. (Nasema utando, kama ule wa maziwa yaliyopoa, wala si utandu wa wali uliogandamana na sufuria, walimu wa Kiswahili watanielewa.) Utando huo, ambao Emanuel Peled aliueleza mwaka wa 1979, huruhusu ayoni za lithiamu kupita na kuzuia elektroni, hivyo majimaji yaliyobaki yakasalimika. Ukiwa dhaifu hupasuka, hujengeka upya, na kila ujengekapo hula lithiamu. Betri huzeeka kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo vinileni kaboneti inapohitajika. Hutiwa kidogo tu, mara nyingi kama asilimia 2 ya elektroliti, nayo hutangulia kuvunjika kabla ya viyeyushi vyenyewe, ikajenga utando ulio imara. Grafiti ikichanganywa na silikoni, ambayo huvimba na kunywea, hupendelewa fluoroethileni kaboneti. Nchini Kanada, Jeff Dahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie wametumia miaka mingi kupima michanganyiko ya vitu kama hivi.

Je, hiyo ni nyongeza? Nyongeza ni kile apewacho mnunuzi baada ya kipimo kutimia. Asipopewa, haki yake haijapungua. Mimi napendekeza "kiungo". Bizari ni kidogo sufuriani, lakini iondoe uone kama utakachopakua kitaitwa pilau.

Mwenzangu mmoja amenipinga kwamba kiungo ni cha mwili pia. Hoja hiyo haina uzito, kwa maana muktadha hutenganisha maneno kila siku. Hoja yake ya pili ndiyo nzito: kiungo cha mpishi hubaki chakulani, ilhali hiki cha betri huteketea kikijenga utando. Sina jibu kamili, ila kusema kwamba afadhali istilahi inayohitaji sentensi moja ya ufafanuzi kuliko ile inayohitaji kukanushwa.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka wa 1990, na Sony ikaanza kuuza betri hizi mwaka wa 1991. Waandishi wake hawangeweza kutusaidia. Lakini tangu hapo Goodenough, Whittingham na Yoshino wamepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake, mwaka wa 2019, na sisi wanaisimu hatuwezi tena kusingizia ugeni wa jambo lenyewe.

Kazi ya mwanafunzi wangu nimeirudisha. "Nyongeza" nimeikata mara tisa. "Utando" aliuandika sawasawa, nikauacha.