Tunangojea golf, ao tunangojea maji?

Ndugu na dada wa Goma, tuambiane ukweli.

Kila ukuta mpya ukisimama kando ya Kivu, wenzetu wanafurahi: "Hii ni hoteli, tutapata kazi!" Wengine wanaota mbali zaidi. Kigali iko na golf ya mashimo 18, Kinshasa iko na yake pale Gombe, basi juu ya nini Goma ikose? Sisi wenye diplome njo tunaota kupita wote, juu tumekaa nyumbani na makaratasi yetu.

Lakini uliza mama wa Majengo ao Ndosho, siku robine imekauka anafanya nini. Anatuma mtoto ku ziwa na bidoni. Na kule, Himbi mpaka Kyeshero, ni ukuta, ukuta, mlango wa chuma. Inabaki pahali padogo kama Kituku, kwenye tunasongamana wote: anayechota, anayefua, anayeoga. Kisha tunashangaa kipindupindu haiishi mu mji!

Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Nani basi aliuza ukingo wa ziwa?

Na ile kazi tunayongojea ni gani? Kusimama ku mlango, kuzuia mama zetu wasipite.

Hoteli ije, hata golf ije. Ila mbele ya kusaini karatasi yoyote mpya, iachwe njia ya watu mpaka ku maji, chukudu ipite na bidoni zake. Na njia zilizofungwa, zifunguliwe.